Chuki Katika Mizani ya Kamusi: Vitenzi vya Karaha vya Kiingereza na Mwanafunzi Mchina, 1822 Hadi Leo

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Beijing anayeandika insha ya Kiingereza kuhusu mwenzake wanayelala chumba kimoja. Mwenzake huyo hukoroma, na mwanafunzi anataka kusema kwamba jambo hilo linamuudhi. Akilini mwake limo neno la Kichina taoyan, neno la kila siku ambalo mtoto huweza kumwambia ndugu yake mara nyingi kwa siku bila ya nyumba kuvurugika. Anafungua kamusi na kukuta safu ya vitenzi: 'dislike', 'hate', 'loathe', 'detest', 'abhor'. Kwa kuwa insha ni kazi rasmi, anachagua kitenzi kinachoonekana kuwa na uzito wa kisomi, na kuandika kwamba ana-'abhor' mwenzake. Kisarufi sentensi yake haina doa. Hata hivyo, msomaji Mwingereza atakayeisoma atadhani kwamba huyo mwenzake ametenda unyama usiosemeka.

Makosa ya namna hii aghalabu huelezwa kuwa ni upungufu wa msamiati, na dawa inayotolewa huwa ni orodha ndefu zaidi ya visawe. Makala haya yanakusudia kuyapinga maelezo hayo. Tunadai kwamba mwanafunzi huyu hakukosea kwa kutojua maneno. Alisoma sawasawa chombo kilichoharibika. Kamusi ya lugha mbili, kwa jinsi ilivyojengwa tangu karne ya 19, imeyaweka katika mstari mmoja maneno ambayo hayakupata kamwe kuishi nyumba moja, wala katika Kiingereza, wala katika Kichina. Kosa lake, kwa hiyo, lina historia, na ni historia hiyo tunayonuia kuifuatilia. Aidha tutaonyesha kwamba suala hili linamhusu mhakiki wa fasihi kama linavyomhusu mwalimu wa lugha, kwa sababu mizani ileile inayopima insha ya mwanafunzi ndiyo iliyotumika kuipima fasihi ya Kichina mbele ya msomaji wa Kiingereza.

2.0 Chimbuko la Chuki ya Kiingereza

Vitenzi vya chuki vya Kiingereza havikuzaliwa siku moja. Viliingia kwa awamu, na kila awamu ilileta mazingira yake ya kijamii. Awamu ya kwanza ni ya maneno ya Kijerumani cha kale yaliyokuwamo katika Kiingereza tangu mwanzo. Hapa tunavikuta 'hate', kilichokuwa 'hatian', na 'loathe', kilichokuwa 'lathian'. Viwili hivi ni vitenzi vya nyumbani na vya uani. Lakini hata vyenyewe havikuwa sawa. Kitenzi 'hate' tangu awali kilimhusu mtu anayechukia. 'Loathe', kwa upande mwingine, kilimaanisha kuwa chenye kuchukiza. Kiima chake kilikuwa kile kitu kinachochukiza, si mtu aliyechukizwa. Msomaji wa Kiswahili ataielewa tofauti hii bila ya taabu, kwani lugha yetu huidhihirisha kwa mnyambuliko tu: kuna anayechukia na kuna anayechukiza. Baadaye 'loathe' kiligeuka kikahamia kwa mwenye hisia, lakini hadi leo kimebakiza harufu ya kile kitu chenyewe. Hutumiwa zaidi pale ambapo mwili unakataa, pale ambapo Waswahili tungetaja kinyaa.

Awamu ya pili ni ya maneno yenye asili ya Kilatini, mengine yakipitia Kifaransa. Yaliingia kwa nyakati mbalimbali kati ya mwisho wa Enzi za Kati na karne ya 17, na kila moja lilibeba picha yake. 'Despise' kinatokana na kutazama kutoka juu kwenda chini, na ndiyo maana hadi leo hakisemi chuki tu bali dharau. 'Abhor' kinatokana na kurudi nyuma kwa kusisimkwa mwili, nywele zikisimama. 'Detest' kina ndani yake neno la Kilatini lenye maana ya shahidi: aliye-'detest' alikuwa akilaani huku akiwaita miungu washuhudie laana yake. 'Abominate' nacho kilihusu kujikinga na kile ambacho Waswahili hukiita ndege mbaya, yaani dalili ya shari inayomkuta mtu njiani.

Yafaa tukumbuke kwamba wasomi wa Enzi za Kati waliiharibu asili ya neno hili la mwisho. Walidhani kivumishi chake kinatokana na maneno yenye maana ya 'mbali na ubinadamu', wakaongeza herufi 'h' katikati ili tahajia ikubaliane na dhana hiyo. Shakespeare aliufanyia mzaha ushikiliaji huo katika tamthilia yake Love's Labour's Lost ya miaka ya 1590, kupitia kwa mwalimu Holofernes anayewalaumu wanaoitamka bila ya 'h'. Mzaha huo una funzo kwetu: tayari katika karne ya 16 Waingereza wenyewe walikuwa wakijifunza chuki yao kutoka vitabuni, na mwalimu alikuwa mlangoni akiamua nani amekosea.

Matokeo ya awamu hizi mbili ni ngazi ya kisajili. Chini kabisa kuna 'hate', kitenzi kilichotumika sana hata kikalegea. Leo mtu huweza kukitumia kwa Jumatatu, kwa mvua, na hata kuombea radhi anapomsumbua mwenzake. Juu kuna 'abhor', ambacho tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ilikitumia kwa wingi, na ambacho hadi leo hupenda yambwa dhahania: ukatili, ubaguzi, utumwa. Anayemtumia mtu kuwa yambwa ya 'abhor' anamfanya mtu huyo kuwa dhambi. Hilo ndilo alilolifanya mwanafunzi wetu bila ya kujua.

3.0 Moyo, Shibe na Ubaya: Upande wa Kichina

Ikiwa Kiingereza kilipanga chuki yake kwa tabaka za kihistoria, Kichina kiliipanga kwa namna nyingine. Tutataja maneno matatu tu.

La kwanza ni hen. Herufi yake ina sehemu mbili: moja ni alama ya moyo, na ya pili inaonyesha matamshi. Kamusi za leo hulifasiri neno hili kwa 'hate'. Lakini katika Kichina cha kale hen lilikuwa kwanza jina la majuto, la uchungu wa jambo lililokosekana na lisiloweza kurekebishwa. Kamusi ya kale ya Xu Shen, iliyokamilishwa yapata mwaka 100, ililieleza kwa neno lenye maana ya manung'uniko na kinyongo. Mtu aliweza kuwa na hen juu ya majaliwa, juu ya umbali, juu ya mauti, pasipo adui yeyote.

La pili ni wu. Herufi hii husomwa kwa njia mbili: ikisomwa wu ni kitenzi cha kuchukia, ikisomwa e ni ubaya wenyewe. Jicho linaona herufi moja, ulimi unaamua kama ni hisia au ni hukumu. Kuchukia na kubaini ubaya vimeandikwa kwa wino uleule.

La tatu ni yan, ambalo ndilo nusu ya pili ya taoyan. Asili yake ni shibe. Aliyekula akatosheka alikuwa katika hali ya yan. Akizidisha, shibe inageuka kuwa chukizo. Hapa Kiswahili kinaufungua mlango ambao Kiingereza hakina ufunguo wake. Kitenzi chetu kukinai kimepita njia ileile: kutoka kutosheka na kuridhika hadi kuchoshwa na kuchafukwa na roho. Mswahili akiambiwa kwamba yan ni kukinai, amekwisha kuelewa jambo ambalo safu nzima ya 'dislike', 'detest' na 'loathe' haikuweza kumweleza. Nusu ya kwanza ya neno, tao, ina maana ya kuomba au kujitakia. Kwa hiyo chenye kuitwa taoyan ni chenye kujitakia kukinaiwa.

Zaidi ya hayo, taoyan huweza kufanya kazi ya kitenzi na vilevile ya kivumishi. Mchina huweza kusema kwamba anamtaoyan fulani, na vilevile kwamba fulani ni taoyan sana, yaani anachukiza. Mwanafunzi anayeuhamisha muundo huu huishia kuandika kwamba fulani ni 'very hate'. Mwalimu huliona hilo kuwa kosa la msingi kabisa. Lakini tumekwisha kuona kwamba 'loathe' cha kale kilikubali kitu kinachochukiza kuwa kiima chake. Kisichokubaliwa leo si jambo lisilofikirika katika Kiingereza, bali ni jambo ambalo Kiingereza kiliacha kulifanya.

4.0 Kamusi na Mkataba

Maneno haya yalikutanishwa katika mazingira gani? Robert Morrison, mmishonari Mprotestanti, aliwasili Guangzhou mwaka 1807. Kamusi yake kuu ilichapishwa Macao kati ya mwaka 1815 na 1823 kwa mtambo wa uchapaji wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Sehemu ya tatu, iliyoanzia Kiingereza na kuishia Kichina, ilitoka mwaka 1822. Morrison alikuwa mmishonari na papo hapo mkalimani wa kampuni hiyo ya biashara, na katika miaka hiyohiyo alikuwa akishughulikia tafsiri ya Biblia. Kwa hiyo kamusi hiyo ilizaliwa baina ya ghala na mimbari. Ni kazi kubwa inayostahili heshima. Lakini mbinu yake, kama ya kamusi zote za lugha mbili zilizoifuata, ilikuwa ya kuweka kidahizo upande mmoja na kisawe upande wa pili, kana kwamba kati yake pana alama ya kulingana.

Alama hiyo ya kulingana haikubaki kuwa jambo la kamusi tu. Katika Vita vya Pili vya Kasumba, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1856 na 1860, Uingereza iliilazimisha dola ya Qing kutia sahihi Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858. Ibara ya 50 ya mkataba huo iliamua kwamba panapotokea tofauti kati ya matini ya Kiingereza na ya Kichina, matini ya Kiingereza ndiyo itakayokuwa sahihi. Ibara ya 51 ilipiga marufuku matumizi ya herufi yi katika hati rasmi za Kichina kuitaja serikali au raia wa Uingereza. Waingereza walilichukulia neno hilo kuwa na maana ya 'mshenzi', na hivyo kuwa tusi. Maofisa wa Qing waliopinga tafsiri hiyo walishikilia kwamba lilikuwa jina la kale la watu wa nje, hasa wa mashariki.

Hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ni dhahiri kwamba neno hilo halikuwa la heshima kamili wala la tusi tupu. Linalotuhusu ni utaratibu uliotumika kuamua. Swali la kama Mchina anakudharau au hakudharau liliamuliwa na kisawe cha Kiingereza, na kisawe hicho kikatiwa nguvu na manowari. Ibara hizi mbili zilisema wazi kile ambacho kila safu ya kamusi ilikuwa ikikisema kimyakimya: kwamba hisia za Kichina zitapimwa kwa ratili ya Kiingereza. Miaka minne baadaye, mwaka 1862, dola ya Qing ilianzisha chuo cha Tongwen Guan mjini Beijing ili kuwafundisha vijana wake lugha za kigeni. Kwa hiyo Mchina wa kwanza kujifunza Kiingereza kwa amri ya serikali yake alijifunza lugha ambayo, kisheria, haikuweza kukosea.

5.0 Je, Mwungwana Huchukia? Ushahidi wa Tafsiri

Athari ya mizani hii inaonekana vyema katika tafsiri za fasihi. Katika Lunyu, mkusanyiko wa mazungumzo ya Confucius na wanafunzi wake, kuna mahali ambapo mwalimu anasema kwamba ni mtu mwenye utu peke yake awezaye kuwapenda na kuwachukia watu ipasavyo. Neno lililotumika kwa kuchukia ni wu, lile ambalo herufi yake ndiyo pia ya ubaya. James Legge, katika tafsiri yake iliyochapishwa Hong Kong mwaka 1861, alitumia 'hate'. Arthur Waley mwaka 1938 alitumia 'dislike', na D. C. Lau mwaka 1979 akafuata njia hiyo ya 'dislike'.

Tofauti hii si ya mapambo. Kwa msomaji wa Legge, aliyelelewa katika amri ya kuwapenda hata maadui, mwalimu mkuu wa Uchina anaonekana kuwa ameihalalisha chuki. Kwa msomaji wa Waley na wa Lau, mwalimu huyohuyo anazungumzia jambo dogo zaidi, karibu na suala la ladha: nani ampende nani na nani asipendezwe na nani. Wote watatu walikuwa wataalamu wa hali ya juu, na hakuna hata mmoja aliyekosea kamusi. Lakini wu si 'hate' wala si 'dislike'. Ni hisia iliyokwisha kupita mbele ya hakimu. Ni kuchukia kwa sababu jambo limebainika kuwa baya. Kiingereza kinazo hisia na kinazo hukumu, ila hakina kitenzi chepesi kinachoziweka mahali pamoja. Mfasiri amelazimika kuchagua upande, na msomaji hakujulishwa kwamba upande umechaguliwa.

Mfano wa pili ni utenzi wa Bai Juyi wa mwaka 806, Changhen ge, unaosimulia mapenzi ya mfalme Xuanzong na Yang Guifei, aliyeuawa mwaka 756 wakati wa uasi wa An Lushan. Hen imo katika jina lenyewe la utenzi. Lau mfasiri angeifuata kamusi ya leo, utenzi huu ungeitwa utenzi wa chuki ya milele, na maana yake yote ingepinduka. Herbert Giles aliona ni dhuluma, akatumia 'wrong'. Witter Bynner aliona ni huzuni, akatumia 'sorrow'. Mwandishi Wang Anyi alipoliazima jina hilo kwa riwaya yake ya mwaka 1995, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2008 nayo ilichagua 'sorrow'. Hapa wafasiri waliiacha alama ya kulingana kwa sababu maudhui yaliwalazimisha. Swali letu ni hili: kwa nini ruhusa anayopewa mfasiri wa utenzi, ya kuiuliza historia ya neno kabla ya kulifasiri, ananyimwa mwanafunzi wa insha?

6.0 Kutoka Sarufi Hadi Orodha

Haikuwa kwamba Wachina walikosa walimu waliolitambua tatizo. Shirika la uchapishaji la Commercial Press, lililoanzishwa Shanghai mwaka 1897, lilianza na vitabu vya Kiingereza vilivyotoholewa kutoka vile vya shule za India, vikaongezewa maelezo ya Kichina. Mwaka 1904 Yan Fu, mfasiri mashuhuri wa wanafikra wa Ulaya, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoelezwa kwa Kichina cha kisomi, akionyesha kwamba Kichina kingeweza kuwa lugha ya kukichambulia Kiingereza na si kinyume chake tu. Katika miaka ya 1930 Lin Yutang aliandika sarufi iliyoanzia kwenye dhana ambazo msemaji anataka kuzieleza, ndipo ikafuatia miundo. Kwa mtazamo wa Lin, swali la kwanza si 'kitenzi hiki kina maana gani?' bali 'unataka kusema nini?'. Lau swali hilo lingeulizwa kwa mwanafunzi wetu wa kukoroma, asingefika kwenye 'abhor'.

Mchango mwingine ulitokea jirani. A. S. Hornby na wenzake, waliokuwa walimu nchini Japani, walitoa mjini Tokyo mwaka 1942 kamusi ya wanaojifunza, ambayo Oxford iliichapisha upya mwaka 1948. Kamusi hiyo iliainisha vitenzi kwa ruwaza zake. Kwa kazi hiyo mwanafunzi wa Asia aliweza kuona kwamba 'hate' hufuatwa na kitenzi-jina au na umbo la '-ing', ilhali 'detest' na 'loathe' hudai '-ing'. Faida yake ni kubwa, hasa kwa Mchina ambaye lugha yake huweka kitenzi baada ya kitenzi bila ya kubadilisha umbo. Lakini ruwaza inaeleza neno husimama wapi katika sentensi. Haielezi husimama wapi katika jamii.

Katika miaka ya 1950 Kirusi kilipewa nafasi ya kwanza shuleni Uchina, na wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, kuanzia mwaka 1966, Kiingereza kilichobaki kilitawaliwa na msamiati wa siasa, ambamo chuki ilikuwa hasa ya kitabaka. Mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu uliporejeshwa mwaka 1977, na mtihani wa Kiingereza wa vyuo ulipoanzishwa mwaka 1987, haja ya kuwapima watu wengi kwa haraka ilileta orodha za msamiati. Katika orodha hizo 'abhor', 'detest' na 'loathe' husimama kila kimoja na kisawe chake, na kisawe hicho aghalabu ni kimoja: yanwu, neno linaloziunganisha yan ya kukinai na wu ya kuhukumu. Hivyo mbinu ya mwaka 1822 ilirudi kwa nguvu mpya, safari hii bila ya manowari.

7.0 Hitimisho

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba asili ya neno si maana yake ya leo. Mwingereza anayetumia 'detest' hawaiti miungu washuhudie, wala Mchina anayesema taoyan hafikirii chakula. Pingamizi hili ni la haki. Hatudai kwamba asili ndiyo maana. Tunadai jambo dogo zaidi: kwamba historia ya neno huacha masazo katika sajili yake na katika aina ya yambwa linayoipenda, na kwamba masazo hayo ndiyo hasa yanayompotosha mwanafunzi aliyepewa kisawe kitupu. 'Abhor' hakimtaki mtu anayekoroma kwa sababu ya mahali kilikolelewa.

Mwalimu anayesahihisha insha ile, basi, ana njia mbili. Anaweza kupiga mstari mwekundu na kuandika kitenzi kingine juu yake, naye mwanafunzi atakihamisha kitenzi hicho hadi kwenye kosa lijalo. Au anaweza kumwuliza kwa Kichina alitaka kusema nini, akamsikia akisema taoyan, wakakaa pamoja dakika chache wakitazama neno hilo na lile la Kiingereza yametoka wapi. Njia ya pili ni ndefu, na mtihani hauisubiri. Lakini ni njia pekee ambayo ndani yake Kichina nacho kinaruhusiwa kuwa shahidi. Sisi tunaofundisha na kuhakiki kwa Kiswahili hatuna budi kulitambua suala hili, kwani katika kamusi zetu pia karaha, kinyaa, bughudha na kinyongo bado husubiri kwa zamu mbele ya kitenzi kimoja cha Kiingereza.